Herufi za barua pepe zikiwa ndogo: namna ya kuzikuza bila kukodoa macho

Barua mbili zinaingia kikashani asubuhi moja. Ya kwanza unaisoma ukiwa umeegemea kiti. Ya pili inakulazimu usogeze pua hadi karibu na kioo, maana herufi zake ni kama sisimizi waliopanga foleni. Skrini ni ile ile, programu ni ile ile, na macho hayajaharibika kati ya barua hizo mbili. Kilichotofautiana ni barua zenyewe.

Ndiyo maana ushauri wa "nenda kwenye mipangilio uongeze fonti" huwafaa baadhi ya watu na kuwaacha wengine pale pale walipokuwa. Kabla hujagusa kitu, jua kwanza ukubwa huo umepangwa na nani: programu yako, au aliyekuandikia.

Nani kaupanga ukubwa huu?

Barua pepe huja kwa sura mbili. Sura ya kwanza ni maandishi matupu: herufi, nafasi na mistari, basi. Barua ya namna hii haibebi agizo lolote kuhusu fonti, kwa hiyo programu yako ndiyo inayoamua ionekane vipi. Ukibadilisha mpangilio, nayo inabadilika papo hapo.

Sura ya pili ni HTML, lugha ile ile inayojengea kurasa za wavuti. Hapa mtumaji anaweza kukuletea rangi zake, fonti zake, majedwali yake na, linalotuhusu sisi, ukubwa wa herufi zake. Kanuni za kiufundi za barua pepe ziitwazo MIME, zilizotolewa mwaka 1992, ndizo zilizofungua mlango wa barua kubeba vitu vya namna hii. Urembo tukaupata, ila na mtumaji mwenye macho ya ujana naye akapata nafasi ya kutuamulia.

Kuzitofautisha si kazi. Ukiona nembo, vitufe vya rangi au picha katikati ya maneno, hiyo ni HTML. Ukitaka uhakika, fungua barua kwenye Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe kwenye kompyuta, ubonyeze Ctrl na U pamoja, nayo itakuonyesha matumbo yake, yaani maagizo yaliyoijenga. Tafuta humo neno font-size. Ukikuta font-size:10px, yaani herufi za pikseli 10 (pikseli ni vinukta vinavyounda picha ya skrini), umeshajua tatizo liko wapi. Pikseli 16 za wavuti ni sawa na pointi 12, zile pointi tunazozizoea kwenye programu za kuandikia. Kwa hiyo pikseli 10 ni pointi 7.5. Ungeletewa barua ya karatasi yenye herufi za pointi 7.5 ungeirudisha, lakini kwenye skrini tunazivumilia kila siku.

Hesabu hiyo ya pikseli na pointi iweke akilini kwa sababu nyingine pia: Thunderbird hupima kwa pikseli, Outlook ya Microsoft kwa pointi. Namba 12 ya huku si namba 12 ya kule.

Hatua ya kwanza: kuza barua iliyo mbele yako

Anza na njia ya mkato, kwa kuwa mara nyingi inatosha na haiharibu chochote.

1. Bofya mahali popote ndani ya barua, ili kompyuta ijue unataka kukuza barua na si orodha iliyo pembeni.
2. Shika kitufe cha Ctrl, kisha bonyeza alama ya kujumlisha. Kwenye kompyuta za Mac, shika Command badala ya Ctrl.
3. Ikizidi, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa.
4. Ukitaka kurudi ulikoanzia, bonyeza Ctrl na sifuri.

Mwenye kipanya chenye gurudumu anaweza kushika Ctrl na kulizungusha. Njia hii hukuza kila kitu, hata yale maandishi ya HTML ambayo mtumaji ameyapangia ukubwa, na ndiyo sababu naiweka mbele ya nyingine zote.

Wanaosomea barua kwenye kivinjari wana bahati ya ziada: Chrome na Firefox hukumbuka kiwango ulichokuza kwa kila tovuti. Ukiweka asilimia 125 leo, kesho ukirudi kwenye kikasha chako utakikuta hivyo hivyo, na tovuti nyingine hazitaguswa.

Kwenye Outlook ya Windows ile ya zamani (iitwayo classic), tazama kona ya chini kulia. Kuna mstari wenye alama ya kuburuta, na pembeni yake asilimia. Watu wengi huburuta alama ile, wakafungua barua inayofuata, wakakuta herufi zimerudi udogo, wakakata tamaa. Usiburute. Bofya ile asilimia yenyewe. Kitafunguka kidirisha kidogo. Chagua kiwango unachotaka, kisha weka tiki palipoandikwa Remember my preference. Kuanzia hapo barua zote zitafunguka kwa kiwango hicho.

Kukuza kuna kero moja. Barua yenye jedwali pana huvuka ukingo wa skrini, ukajikuta unasukuma kulia na kushoto kwa kila mstari. Firefox ina dawa: kwenye mipangilio yake ya jumla, sehemu ya kukuza, weka tiki kwenye chaguo la kukuza maandishi tu. Picha na fremu zitabaki zilivyo, herufi peke yake ndizo zitakazonenepa.

Hatua ya pili: panga ukubwa wa kudumu

Hapa ndipo watu wanapopoteza saa nzima, kwa hiyo twende polepole. Nianze na kosa langu mwenyewe. Mara ya kwanza nilipochoka na herufi ndogo, niliingia kwenye mipangilio, nikaona mahali pa kuchagua fonti, nikaweka 20. Barua nilizopokea hazikubadilika hata chembe. Siku mbili baadaye rafiki aliniuliza kwa upole kama nimemkasirikia, maana barua zangu zilikuwa zikimfikia kama mabango ya barabarani. Nilikuwa nimepanga fonti ya kuandikia, si ya kusomea.

Kwa hiyo ukifika kwenye mipangilio yoyote ya fonti, jiulize kwanza: hii ni ya barua ninazotuma, au ya ninazopokea? Gmail ya kwenye kivinjari, kwa mfano, ina mpangilio wa mtindo wa maandishi, lakini huo ni wa barua unazoandika tu. Hakuna mahali ndani ya mipangilio ya Gmail pa kupanga ukubwa wa barua zinazoingia. Usipoteze muda kupatafuta. Tumia ukuzaji wa kivinjari.

*Thunderbird.* Hii ndiyo inayokupa uhuru mkubwa kuliko zote, na pia ndiyo yenye mtego mkubwa.

1. Fungua menyu ya mistari mitatu, uingie kwenye Mipangilio, sehemu ya Jumla.
2. Teremka hadi kwenye lugha na mwonekano. Utaona fonti na ukubwa wake, na kando yake kitufe cha Advanced. Bofya hicho.
3. Juu kabisa ya kidirisha kinachofunguka pana orodha ya aina za maandishi. Chagua Latin. Ongeza ukubwa wa fonti ya kawaida, kisha ongeza na wa ile iitwayo Monospace.
4. Usifunge bado. Rudi juu kwenye orodha ile ile, chagua Other Writing Systems, urudie yote uliyofanya.
5. Sasa kubali, ufungue barua uone.

Hatua ya 4 ndiyo mtego wenyewe. Mtu anajiambia kwamba Kiswahili na Kiingereza huandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo Latin inatosha. Haitoshi. Barua nyingi siku hizi husimbwa kwa UTF-8, mfumo unaobeba maandishi ya dunia nzima, na Thunderbird huweza kuzihesabu kwenye lile kundi la pili. Ukipanga moja tu, baadhi ya barua zitakuwa kubwa na nyingine zitabaki ndogo, na utadhani programu imerogwa.

Ile Monospace nayo usiipuuze. Ni fonti ambayo kila herufi yake ina upana uleule, kama za taipureta, na Thunderbird huitumia kwa barua za maandishi matupu usipoiambia vingine. Ukubwa wake hupangwa peke yake. Kama barua zako zenye picha zinasomeka vizuri ila zile za maandishi matupu ni ndogo, hapo ndipo pa kurekebisha. Au ondoa tiki kwenye chaguo la kutumia fonti ya upana mmoja kwa maandishi matupu, nazo zitafuata ukubwa wa zile nyingine. Binafsi niliiondoa zamani. Sioni faida ya kusoma salamu kwa herufi za taipureta.

Katika kidirisha hicho hicho kuna kitu ninachokiona ni cha thamani kuliko vyote: Minimum font size, yaani ukubwa wa chini unaoruhusiwa. Ukiweka 14, unaiambia programu kwamba hata mtumaji akiagiza pikseli 10, wewe hutaki kuona chini ya 14. Hii ndiyo namna ya kumshinda mtumaji wa HTML bila kupoteza rangi na picha zake. Panda taratibu: jaribu 14, kisha 16. Ukiruka hadi 24, vitufe vitamwagika nje ya fremu zake na vichwa vya habari vitalingana na maelezo ya chini kabisa.

*Outlook ya zamani.* Ingia File, kisha Options, kisha Mail, ubofye Stationery and Fonts. Utaona vitufe vitatu vya fonti. Viwili vya kwanza ni vya barua mpya na za kujibu, yaani unazotuma. Cha tatu, cha chini kabisa, ndicho kinachosema wazi kwamba ni cha kuandika na kusoma maandishi matupu. Hicho ndicho chako, lakini kwa barua za maandishi matupu tu. Za HTML zitasubiri ile asilimia ya kona ya chini.

*Mail ya kwenye Mac.* Fungua mipangilio yake, nenda kwenye fonti na rangi. Fonti ya orodha ya barua na fonti ya barua zenyewe hupangwa kila moja peke yake. Barua za HTML zilizokuja na ukubwa wake hazitatikisika. Kwa hizo tumia Command na alama ya kujumlisha.

*Kivinjari.* Chrome ina mipangilio ya mwonekano, na humo kuna mahali pa kurekebisha fonti. Kuna ukubwa wa kawaida, na kuna ukubwa wa chini. Ule wa kawaida mara nyingi haugusi barua za HTML, kwa kuwa barua hizo zimeshataja pikseli zake. Wa chini ndio unaozigusa. Kumbuka tu kwamba unagusa na tovuti nyingine zote unazozitembelea.

Kwenye simu

Simu ina hesabu yake. Barua nyingi za matangazo na taarifa hutengenezwa kwa upana wa pikseli 600 hivi, upana unaofaa kompyuta. Tuseme skrini ya simu yako ina upana wa pikseli 360 kwa kipimo hicho hicho. Ili barua nzima ienee, programu huibana hadi asilimia 60. Herufi iliyoandikwa kwa pikseli 14 inakufikia ikiwa 8.4. Mtumaji hakukosea sana, wala simu haijakosea. Ni nguo ya mtu mzima iliyofuliwa ikasinyaa.

Dawa ya haraka ni kutanua vidole viwili juu ya barua. Nyingine, ambayo watu huisahau, ni kulaza simu. Upana unaongezeka, na barua haibanwi tena kiasi kile. Gmail ya Android ina pia chaguo la kubana barua zienee kwenye skrini, ndani ya mipangilio ya jumla. Ukilizima, herufi zitabaki na ukubwa wake, ila utasukuma kulia na kushoto. Chagua kero unayoiweza.

Kwa mabadiliko ya kudumu, panga simu nzima. Kwenye iPhone, ingia Mipangilio, kisha mwonekano na mwangaza, kisha ukubwa wa maandishi. Ukifika mwisho wa mstari na bado hakutoshi, nenda kwenye sehemu ya ufikivu (Accessibility), humo kuna maandishi makubwa zaidi, na mstari utarefuka. Programu ya Mail hufuata mpangilio huo. Kwenye Android, tafuta ukubwa wa fonti ndani ya mipangilio ya skrini. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, fonti inaweza kufika asilimia 200, na mfumo una busara kidogo: maandishi madogo hukuzwa sana, yale ambayo tayari ni makubwa hukuzwa kidogo, ili kichwa cha habari kisimeze skrini yote.

Orodha ya barua ndiyo ndogo, si barua

Hili ni tatizo jingine kabisa, ingawa watu hulieleza kwa maneno yale yale. Ukikuza barua kwa Ctrl na kujumlisha kwenye programu ya kompyuta, orodha ya watumaji na mada hubaki ilivyo. Thunderbird ina ukubwa wa fonti kwenye ile menyu ya mistari mitatu, wenye alama za kujumlisha na kutoa; huo ndio wa orodha na menyu. Kwenye Windows, mipangilio ya ufikivu ina ukubwa wa maandishi kuanzia asilimia 100 hadi 225. Kama hata aikoni zinakusumbua, pandisha kipimo cha skrini nzima hadi asilimia 125 au 150 kwenye mipangilio ya onyesho.

Barua ikigoma kabisa

Zipo barua zilizoshonwa vibaya kiasi kwamba kila ukikuza, maneno yanapandiana. Kwa hizo, vua urembo wote. Barua nyingi za HTML husafiri na nakala yake ya maandishi matupu ndani ya bahasha moja. Kwenye Thunderbird, fungua menyu ya kutazama, tafuta Message Body As, uchague maandishi matupu. Ukitaka njia ya katikati, chagua HTML nyepesi. Outlook nayo ina chaguo la kusoma barua zote kama maandishi matupu, ndani ya Trust Center, kwenye usalama wa barua pepe.

Utapoteza picha, na majedwali yatasambaratika. Lakini zile picha fichu zinazomjulisha mtumaji kwamba umefungua barua yake hazitapakuliwa, na mara nyingi kiungo kitaonyesha anwani yake nzima badala ya kujificha nyuma ya kitufe. Nawajua watu waliohamia huku kwa sababu ya macho wakabaki kwa sababu ya usalama.

Kuna barua moja tu ambayo hakuna mpangilio wa fonti utakaoigusa: ile ambayo maneno yake yote ni picha. Jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, hiyo ni picha. Unaweza kuikuza, lakini itazidi kuwa na ukungu. Mjibu mtumaji, umwombe maandishi.

Ukubwa gani unatosha?

Kaa unavyokaa siku zote, mgongo ukiwa umeegemea, skrini ikiwa mbali kwa urefu wa mkono. Kuza hadi usipohitaji kuinama mbele. Kisha ongeza hatua moja. Hiyo hatua ya ziada ni ya jioni, macho yakiwa yamechoka. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta vitu vya karibu, kwa hiyo kuongeza ukubwa si uvivu.

Kama umekuza na bado husomi vizuri, pengine tatizo ni rangi. Kijivu juu ya nyeupe kinapendwa sana na wabunifu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kurahisisha kurasa za wavuti kwa watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi, lakini barua nyingi hazifiki hapo. Thunderbird, karibu na pale pa fonti, ina kitufe cha rangi kinachoweza kulazimisha rangi zako zitumike daima badala ya za mtumaji. Jaribu hicho kabla ya kupandisha fonti tena.

Unapomrekebishia mtu mwingine, tuseme mama yako, usikae wewe kwenye kiti. Mkalishe yeye, akusomee mada tatu za kwanza kwa sauti, halafu aya moja kutoka katikati ya barua. Akisita, ongeza. Kumwuliza "unaona?" hakusaidii, atajibu anaona ili usiendelee kusumbuka. Kabla hujaondoka, mwonyeshe Ctrl na sifuri, kwa sababu siku moja atazungusha gurudumu la kipanya huku kidole kimelalia Ctrl, herufi zijae skrini nzima, naye akupigie simu kukwambia kompyuta imeharibika.